Barua Mbili Zilizobadilishana Bahasha

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi alasiri, mratibu wetu wa ajira na mafunzo ya vitendo atakabidhi funguo za chumba namba sita na kustaafu rasmi, baada ya kukitumikia chuo hiki cha ufundi kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Hiyo miezi minne ametaka iandikwe. Anasema ndiyo iliyokuwa migumu kuliko miaka yote, kwa sababu alianza akiwa mpiga chapa wa muda, hana kiti, anaazima cha mlinzi wa lango kila asubuhi na kukirudisha kabla mlinzi hajaanza kununa.

Chuo kizima kinamwita Dada Mkubwa, akiwemo Mkuu wa Chuo mwenye mvi nyingi kuliko zake. Mimi ni karani wa masjala. Meza yangu na yake zimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo nikiandika hapa kwamba nilisikia, basi nilisikia kweli. Huu ni wasifu wa saba ninaouandika mwaka huu. Watu wanaondoka mfululizo, na kila anayeondoka naambiwa niandike kwamba alikuwa mchapakazi, mcheshi na mpenda watu. Mkono umechoka na sifa zimeniishia. Nilimweleza Mkuu hivyo, naye akanijibu kwa upole kwamba ukurasa mmoja tu unatosha. Nimeshindwa, na mchapaji anisamehe.

Nimeshindwa kwa sababu mstaafu mwenyewe ametoa sharti. Kwa miaka minne iliyopita alikuwa na jambo moja tu alilotaka kulimaliza kabla ya kurudisha funguo, nalo ni kumpata mwanafunzi wa zamani ambaye yeye, kwa mkono wake mwenyewe, alimpeleka pabaya. Amesema wasifu wake ukipita bila habari hiyo, haji kwenye sherehe, na keki tule wenyewe. Nami namjua, hatanii.

Nianze na kazi yake. Katika mwaka wake wa pili alikabidhiwa kupiga chapa barua za kuwatambulisha wahitimu kwa waajiri. Zilikuwa na maneno yaleyale: mtajwa hapo juu ni kijana mwenye nidhamu na bidii, tunaomba apewe ushirikiano. Alipiga barua mia moja na kumi na mbili za namna hiyo. Ya mia moja na kumi na tatu akaiacha kwenye mashine, akaenda kumuuliza Mkuu wa wakati ule swali ambalo wakubwa hawakulipenda. Ikiwa wote wana bidii, mwajiri atachagua kwa kutazama nini? Akajijibu mwenyewe: atatazama jina la ukoo, na kijana ni mpwa wa nani.

Tangu hapo kila mhitimu alikaa naye dakika ishirini katika chumba namba sita. Swali lilikuwa moja. Niambie kitu ulichokifanya ambacho hakuna aliyekutuma. Wengi walijibu kwamba hawajafanya kitu. Dada Mkubwa hakubishana nao. Alinyamaza tu, na mimi upande wa pili wa mbao niliusikia ule unyamavu mpaka nikatamani kujibu mimi. Kisha kijana angekohoa, na hadithi ingeanza.

Mwanafunzi wa mabomba alisimulia jinsi alivyozunguka mtaani kwao akiwauliza bibi zake na bibi za wenzake mabomba ya zamani yamepita wapi, akachora ramani kwenye karatasi ya saruji, na tangu siku hiyo bomba likipasuka watu wanachimba shimo moja badala ya sita. Binti wa useremala alieleza kwamba kwao foleni ya maji ilikuwa vita kila jioni, akaanza kuwasimulia watoto kisa kinachokatizwa mahali patamu kila zamu ya mtu ikifika, mpaka mama zao nao wakaacha kusukumana ili wasikie. Msimamizi wa karakana moja alimchukua binti huyo siku ileile aliyopokea barua. Alisema useremala atamfundisha, ila karakana yake ina watu ishirini wenye hasira na hajui awafanye nini.

Yupo pia mchomeleaji aliyejigamba kwamba alimwokoa jirani kwenye moto. Dada Mkubwa hana dogo, akafunga safari hadi kwa jirani. Jirani akamwambia moto wenyewe uliwashwa na huyohuyo shujaa. Barua ikaandikwa hivi: mwenye barua hii alisababisha moto mdogo, na alipobanwa aliukiri mbele ya watu wote bila kumsingizia mtu. Leo ni mkaguzi wa usalama kazini, na nasikia wazembe wanamkimbia.

Kwa barua hizo waajiri walianza kutuandikia wao kabla hatujawaandikia. Vyuo vingine vilituma wageni waje kujifunza. Kila mwaka ukumbi wetu ulijaa wazazi na wenyeviti wa mitaa waliokuja kuthibitisha hadithi za vijana wao, na wengine kuzitia chumvi. Cheti cha pongezi kimetundikwa ofisini kwa Mkuu, kikiwa kimepinda kidogo, na Dada Mkubwa hukinyoosha kila akiingia.

Sasa nifike penyewe. Barua zake hazikuwa na jina ndani. Zilianza na maneno "mwenye barua hii", na jina lilikaa juu ya bahasha tu. Alitaka mwajiri asome hadithi kwanza, kabla hajaanza kuuliza huyu ni mtoto wa nani. Sote tulimsifu kwa hekima hiyo, mimi nikiwa wa kwanza. Hakuna aliyefikiria kitakachotokea siku karatasi ikiingia kwenye bahasha isiyo yake.

Miaka minne iliyopita alitutembelea meneja wa kiwanda cha kushona sare. Alikuja kuomba wahitimu zaidi, na alifuatana na msimamizi wake wa mafundi arobaini, mwanafunzi wetu wa miaka minane nyuma. Mwanamke huyo nitamwita Mkimya, kwa sababu ndivyo wenzake wa darasa walivyomwita. Meneja aliisema barua yake kwa moyo, neno kwa neno. Kwamba mwenye barua hii aliona wagonjwa wa zahanati ya mtaani kwao wakipimwa mbele ya foleni bila hata pazia. Kwamba alipita nyumba kwa nyumba akisimulia jinsi mama yake mzazi alivyovuliwa nguo machoni pa majirani, na hakuomba chochote, alisimulia tu na kuaga. Kwamba wiki ya pili wanawake kumi na mmoja walimfuata na vipande vya nguo, akawafundisha kushona, wakatundika mapazia tisa.

Dada Mkubwa alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kisahani kikajaa na meza ikalowa. Mkimya alikuwa ameinamisha kichwa. Mapazia yale hayakuwa yake, na watu wawili kati ya wanne waliokuwa chumbani walilijua hilo.

Wageni walipoondoka tulitoa majalada. Nakala zilikuwepo. Barua ya Mkimya, ile aliyostahili kwenda nayo, ilisema: mwenye barua hii ana mkono mtulivu kuliko yote niliyoiona. Alilifumua na kulishona upya gauni la harusi la dada yake mara nne, peke yake, bila kumwambia mtu. Umati unamchosha. Mpeni kona yake na mwanga wa kutosha, mtafurahi.

Maneno hayo ndiyo aliyokwenda nayo mwenzake wa darasa, mwenye hadithi ile, nitakayemwita Binti wa Mapazia, aliyeweza kuusimamisha mtaa mzima kwa hadithi moja. Na popote alipofika, bila shaka walimpa kona yake.

Wiki iliyofuata Mkimya alirudi peke yake. Alikiri kwamba alijua tangu siku ya kwanza, meneja alipomuuliza habari za mapazia. Alinyamaza kwa sababu kunyamaza ndiko alikokuweza. Akapewa mafundi wanane wa kuongoza, akawa anatapika kila asubuhi kabla ya kusimama mbele yao. Baadaye akaanza kujiuliza yule wa kwenye barua angefanya nini hapa, akafanya hivyo, na siku moja akagundua hajatapika wiki nzima. Aliuliza kama inambidi airudishe kazi. Dada Mkubwa alimwambia akae anywe chai, na safari hiyo aliimimina vizuri.

Basi tukaanza kumtafuta Binti wa Mapazia. Karakana aliyopelekwa ilikuwa imefungwa zamani. Namba ya simu kwenye daftari ilikuwa ya shangazi yake, na shangazi alikuwa amehama. Jumamosi nyingi, nisizotaka kuzihesabu, nilimfuata Dada Mkubwa na jalada kwapani, tukibisha milango ya mafundi cherehani. Miguu yangu si ya kazi hiyo. Nilimwambia aachane nayo. Ameandika barua karibu elfu nne, akakosea mbili, nani angemlaumu? Alinijibu bila kupunguza mwendo: "Mdogo wangu, hizo elfu nne nimezisahau. Hizi mbili ndizo ninazozijua."

Nakiri nilichoka, na kuna Jumamosi nilizosingizia homa. Yeye alikwenda.

Mwezi uliopita fundi wa majokofu, mhitimu wa mwaka uleule, alikuja kuchukua nakala ya cheti. Dada Mkubwa akamuuliza kama alivyouliza kila mtu. Fundi akashangaa. Huyo dada? Mbona alimwona juzi tu, alipokwenda kutengeneza mashine za kufulia hospitalini? Yuko chini kule, anashona mashuka.

Tulikwenda siku ya pili, mchana. Chumba chenyewe kiko chini ya chumba cha kufulia cha hospitali, na dirisha lake liko juu sana, unaona miguu ya wapita njia tu. Kulikuwa na cherehani, taa ndogo, meza ya kupigia pasi, na rundo la mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji yaliyochanika. Kiti kilikuwa kimoja. Kazi ya mtu mmoja, isiyo na mtu wa kuzungumza naye tangu asubuhi hadi jioni.

Binti wa Mapazia alimtambua Dada Mkubwa mara moja. Akasimama, akamwamkia shikamoo mwalimu, akampisha kiti. Dada Mkubwa aliitikia marahaba mwanangu lakini hakukaa. Alikuwa ameyaandika maneno yake kwenye karatasi, na aliyasoma akiwa amesimama: bahasha mbili, siku moja, kosa langu, miaka kumi na miwili. Akaomba msamaha. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilitegemea kilio au matusi, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili.

Mwenyeji wetu alichukua shuka alilokuwa ameliacha, akakata uzi uliokuwa unaning'inia. Kisha akasema aliisoma barua ile siku ileile aliyoipokea. Gundi ya bahasha zetu ilikuwa hafifu. Aliifungua barabarani, na kabla hajafika kona alishajua si yake.

Dada Mkubwa akamuuliza kwa nini aliipeleka, akanyamaza ule unyamavu wake.

"Nilikuwa nimechoka, mwalimu," akasema yule dada. "Tangu nina miaka kumi na minne nalea wadogo zangu wanne. Mama mgonjwa. Halafu yale mapazia. Wale wanawake wakigombana, naitwa mimi. Mtaro ukiziba, mimi. Msiba ukitokea, nani apange viti, mimi. Wewe ulifurahi sana niliposimulia, nikaona aibu kukwambia kwamba sitaki tena. Nikafungua bahasha, nikasoma, mpeni kona yake. Nikasema Mungu amenipa likizo."

 Cherehani ilikuwa imezimwa lakini taa yake ilikuwa inawaka.

"Miaka mitatu ya kwanza ulinipumzisha, sitakudanganya. Hii tisa mingine umenikalisha tu."

Alipotoka karakana iliyofungwa, barua ilimfuata hospitalini ndani ya jalada. Nguvu zikamrudia, akaomba asimamie kitengo cha mashuka. Wakafungua jalada, wakasoma kwamba umati unamchosha, wakamwambia kwa wema kabisa kwamba wanamjali. Aliomba mara tatu. Angesema nini, kwamba barua si yake na alijua?

Katika mambo yote niliyoyasikia kupitia ule ukuta wa mbao, hakuna lililonichoma namna hii. Sisi tulimkuta msichana wa miaka ishirini na mmoja aliyebeba mtaa mgongoni, tukampigia makofi, tukamtafutia mtaa mwingine wa kubeba. Tulimuuliza alichofanya. Hatukumuuliza kama amechoka. Naandika "tuli" kwa sababu Dada Mkubwa ameandika "nili" katika rasimu yangu, nami nimemfutia.

Dada Mkubwa alikuwa ameileta ile barua ya kweli, ameipiga chapa upya, safi. Akampa. Yule dada aliisoma yote, akatabasamu alipofika kwenye mapazia, akaikunja na kuirudisha. Alisema huyo msichana alimpenda, ila ameshaondoka. Dada Mkubwa akafungua mkoba, akatoa kalamu, akavuta pumzi ya kuanza upya: niambie kitu ulichokifanya ambacho...

"Hapana, mama. Umeandika vya kutosha. Nipe hiyo kalamu, wewe kaa."

Akakaa. Akawekewa rundo la mashuka safi upande wa kuume kama egemeo. Yule dada akasimama kwenye meza ya kupigia pasi, akaanza kuandika, anafuta, anaandika. Mimi nilibaki mlangoni. Ilichukua muda mrefu kuliko dakika ishirini. Nilipogeuka, Dada Mkubwa alikuwa amelala, kichwa juu ya mashuka, mdomo wazi, mkoba magotini.

Barua ilipoisha nilisomewa kwa sauti ya chini. Ilianza na jina lake kamili. Alisema anajua kila shuka la hospitali hii linachanikia wapi, na kwamba mengi huchanika kwenye ndoano zilezile za vitanda vilevile. Alisema wauguzi, wasukuma vitanda na watu wa kufulia hawajawahi kukaa chumba kimoja hata kwa nusu saa, na kwamba yeye anaweza kuwakalisha. Alieleza kwamba barua iliyoko jaladani haikuwa yake, na kwamba alinyamaza. Mwisho aliandika kwamba saa kumi na moja jioni atakuwa anakwenda nyumbani kama wengine, na Jumapili asiitwe. Akalifunika bega la Dada Mkubwa kwa shuka la kijani, akapanda ngazi kumpelekea Muuguzi Mkuu mwenyewe, mkononi, bila bahasha.

Tunapopeleka jarida hili kwa mchapaji, Muuguzi Mkuu hajajibu. Kwa upande wetu, Mkuu wa Chuo amekubali kwamba kuanzia muhula ujao wahitimu wataziandika barua wenyewe na kutia majina yao, baada ya kuulizwa maswali mawili, siyo moja. Atakayewauliza, mpaka apatikane mtu, ni mimi. Sikuomba. Chama cha wastaafu nacho kilimletea Dada Mkubwa ujumbe kwamba kimemchagua mwenyekiti kabla hata hajajiunga. Ameukataa kwa mistari miwili, na ni barua yake fupi kuliko zote nilizopata kuziweka jaladani.

Siku ile alilala karibu saa nzima. Alipoamka alitafuta kalamu kwanza, kisha akaniuliza binti yuko wapi. Nikamwambia barua imeshaandikwa na imeshapanda juu. Akauliza kama nilihakikisha haina makosa. Nikamjibu kwamba hilo halimhusu tena. Alinitazama kidogo, akafikiri, halafu akaweka kichwa chake palepale kwenye mashuka.

Dada Mkubwa, asante kwa kila mtu uliyemsubiri mpaka akaongea. Waliobaki tutawaandika sisi, tutakosea, tutawatafuta. Tunakutakia maisha mema yasiyo na foleni mlangoni. Kaa, dada. Hakuna anayekuita.